Vifaranga Mia Nne wa Tenki Namba Mbili

Jumatatu, 5 Septemba 2022. Kiegeani.

Siku kubwa. Leo nimekabidhiwa vifaranga mia nne wa jongoo bahari. Kila mmoja ni mdogo kama punje ya mchele, na kwa sura, tuseme ukweli, hana mvuto. Nimewapenda papo hapo.

Mimi Obed nimepewa tenki namba mbili. Bi Zulfa namba moja, mia nne vilevile. Madamu Getrude, mtaalamu wa mradi, katutangazia kwamba Ijumaa ya tarehe 23 atakuja na rula. Mwenye vifaranga warefu zaidi ndiye atakuwa msimamizi wa kitalu. Mwingine hakumtaja kabisa. Hilo ndilo linalonitia baridi.

Maana kwa mke wangu Victoria hii ni nafasi ya mwisho. Kuku walikufa. Sungura walikimbia. Uyoga uliota, lakini si ule wa kuliwa. Kasema hii nayo ikishindikana ataomba uhamisho wa ualimu turudi Makambako, nikalime kwa kaka yake. Shemeji yangu huyo ana tabia ya kunipigapiga begani mbele za watu. Sirudi.

Madamu alieleza pia namna ya kuwalisha. Sikusikia yote. Nilikuwa natunga hotuba ya kushukuru kwa kuteuliwa.

Jumatano, 7 Septemba

Unga wa mwani mkavu, kijiko kimoja kidogo kila asubuhi. Ndivyo ilivyoandikwa ukutani. Kijiko kimoja kwa matumbo mia nne! Mimi nimefuga kuku, najua njaa ilivyo. Nimewapa vikombe viwili. Nikaongeza viganja vitatu vya chakula cha kuku kilichobaki nyumbani, kwa kuwa wenyewe hawakuwahi kukimaliza.

Bi Zulfa kapita, kachungulia, kaniuliza mwanangu, hao unawalisha au unawazika. Nimemjibu kwa adabu, maana ni mkubwa kwangu na kila asubuhi nampa shikamoo. Moyoni nilimjibu vingine.

Ijumaa, 9 Septemba

Maji yamekuwa mazito kama supu ya jana, na yananuka. Lakini habari njema: wamezaa! Maelfu ya watoto weupe, wadogo sana, wanarukaruka kila upande. Siku nne tu! Nimempigia Victoria simu shuleni Kilindoni. Naye kawaambia walimu wenzake.

Jioni Bi Zulfa kaja kuwaona wajukuu. Kasema kifaranga hazai, na jongoo hajawahi kuruka tangu dunia iumbwe. Hao ni viroboto wa maji, wamefuata chakula kilichozidi. Vifaranga wangu wenyewe walikuwa wamepanda kuta za tenki kutafuta hewa. Muhidini, mwendesha pampu wetu, alicheka mpaka akakaa chini.

Nimehesabu waliokufa. Thelathini na wanane. Nililia kidogo, nikasema ni maji ya chumvi. Bi Zulfa alikunja kanga yake akanisaidia kubadili maji mpaka magharibi. Heri asingenisaidia. Inaharibu ushindani.

Jumapili, 11 Septemba

Kanisani. Victoria kanitambulisha kwa mchungaji kuwa ni msimamizi mtarajiwa wa kitalu. Neno "mtarajiwa" alilisema kwa sauti ndogo mno. Mwalimu Sospeter kaniuliza wale watoto wanaoruka hawajambo.

Mahubiri yalihusu usafi wa moyo. Nikakaa wima. Usafi! Ndicho kilichokosekana.

Jumatatu, 12 Septemba

Tatizo nimeligundua, na liko wazi kwa yeyote mwenye macho. Ndani ya tenki vimening'inizwa vibao thelathini vya plastiki, vifaranga hukaa juu yake. Vibao vyote vimeota utando wa kijani na kahawia, unateleza kama kamasi. Nani angenenepa mahali kama hapo? Nimevisugua kimoja kimoja kwa brashi mpaka nikaona sura yangu. Nimepata ndoo nzima ya utando.

Hapo nikapata wazo la pili. Silo la kujivunia, ingawa nimejivunia kidogo. Adhuhuri Bi Zulfa alipokwenda kuswali, nikamwaga ndoo yote kwenye tenki lake. Madamu akija akute namba moja inatia kinyaa na namba mbili inang'aa. Mungu ananiona, najua. Nimemwomba asiangalie sana.

Alhamisi, 15 Septemba

Kila asubuhi nasugua, kila adhuhuri namwaga. Kwangu utando umeanza kuadimika, kwa hiyo nakwangua hata mfereji wa kutolea maji. Mgongo unauma. Kumhujumu mtu kunataka afya.

Muhidini kaniuliza napeleka nini kule kila siku. Nimemwambia namsaidia mwenzangu. Kaniangalia kwa heshima ambayo sijaizoea.

Mchana Bi Zulfa kaniletea pweza wa nazi, kasema nimekonda. Nilijisikia vibaya sana. Nilijisikia hivyo mpaka sahani ikaisha.

Jumanne, 20 Septemba

Vifaranga wangu wanaonekana wembamba. Nimejiambia ni wepesi, na mwepesi ndiye mwenye afya. Tenki lao ni safi kiasi kwamba nzi akitua anateleza. Kwa Bi Zulfa huoni kitu kwa uchafu. Nimepiga pasi shati jeupe. Hotuba imefika kurasa tatu.

Ijumaa, 23 Septemba

Naandika nikiwa nimekaa nje, nimetulia, baada ya mambo kutotulia.

Madamu Getrude kaanza na kwangu. Milimita tano. Ndivyo walivyokuwa siku ya kwanza, na kuna wengine nadhani wamerudi nyuma. Kaenda kwa Bi Zulfa. Milimita kumi na nane, wanene, wanang'ang'ania vibao mpaka uwabembeleze.

Kaniuliza vibao vyangu nimevifanyaje. Nikasema kwa fahari nimevisugua, kila siku, kwa mikono yangu. Kisha akasema utando ule ndio chakula chao, unga wa mwani ni wa kuongezea tu, na kwamba siku ya kwanza alilisema hilo mara mbili. Siku kumi na moja nimekuwa naondoa chakula mezani na kujisifu kwa usafi wa meza.

Akamgeukia Bi Zulfa, akataka kujua siri yake. Bi Zulfa akasema hata yeye haelewi, kila akirudi kuswali anakuta utando mpya umejaa. Muhidini akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akasema ni Obed. Kila adhuhuri, ndoo nzima. Anamsaidia mwenzake.

Nilitamani kuingia tenkini. Bi Zulfa alinitazama. Ameokota pweza miaka thelathini, anajua kutazama tundu na kujua kilichomo. Nikaona amejua. Nikaiona Makambako, nikauona na mkono wa shemeji ukinijia begani.

Akasema, "Mwanangu, tumekuelewa. Mungu akulipe kwa nia yako."

Kisha akamwambia Madamu kwamba yeye usimamizi anaupokea, ila mlishaji anamtaka huyuhuyu. Kasema kijana hana uvivu, tena vifaranga akiwakusudia mabaya hunenepa. Madamu hakuielewa sehemu hiyo ya mwisho. Alikubali.

Nimebaki. Nina kazi, nina matenki mawili ya kulisha, na Bi Zulfa hajanisema kwa mtu. Nimefurahi mno. Nilipompigia Victoria simu kumwambia, nikasikia karatasi ikichanwa. Kumbe barua ya uhamisho alikuwa ameshaiandika.

Jumamosi, 24 Septemba

Nimelala, nimeamka, nimetafakari kwa utulivu. Tuweke mambo sawa. Vifaranga walionenepa ni nani aliyewalisha? Mimi. Kwa hiyo aliyeshinda ni mimi, karatasi tu ndiyo ina jina la Bi Zulfa. Simlaumu. Ila itabidi Madamu aone kwa macho yake nani mwenye akili hapa, na nafasi imeshajitokeza.

Keshokutwa wale vifaranga wakubwa wanahamia tenki la mchanga. Muhidini kashauleta mchanga wenyewe, kauchimba kule kwenye mikoko. Nimeukagua. Mweusi, unanuka, umejaa tope na majani yaliyooza. Bi Zulfa kasema usiguswe, uachwe hivyohivyo ulivyo, eti utamu wote umo humo. Maskini, usimamizi umemlemea mapema.

Kesho yeye ana arusi ya mpwa wake, hatakuwapo. Nimeazima sufuria la shughuli kwa Bimkubwa jirani, lile la kupikia pilau la watu mia. Nitauchemsha mchanga wote mara mbili kwa sabuni, niusuuze, niuanike mpaka uwe mweupe. Wakiingia Jumatatu, watoto wale hawatakuta hata chembe moja ya uchafu.