Mrushaji Mkuki Asiye na Cheo

Ifahamike kwa wote kwamba mashindano ya kwanza ya riadha ya mataifa ya Kaskazini, yaliyofanyika hapa kwetu Tampere, Ufini, yalikwenda kwa utaratibu usio na doa. Nasema hivi nikiwa Katibu wa Kamati ya Miito na Vyeo, na aliyeona vingine ana macho ya kihuni.

Kazi yetu ilikuwa kuwaita warushaji mkuki. Msiidharau. Sisi Wafini hatumwambii mtu "wewe". Hiyo ni ya mbwa, ya ndugu wa tumbo moja, na ya Mungu wakati wa sala. Wengine wote huitwa kwa vyeo vyao. Basi tulimwita Mhandisi, akarusha. Tukamwita Mwalimu Mkuu Msaidizi, mkuki wake ukalala chali nyasini, tukampongeza. Kisha Luteni mmoja wa Uswidi akafikisha mita hamsini na tisa, na uwanja mzima ukanuna.

Alibaki mtu wetu mmoja tu, Eenokki Kurppa, msukuma magogo mtoni, mwenye mabega mapana kama mlango. Alikuwa na cheti cha ubatizo na viatu. Cheo hakuwa nacho.

"Mwiteni basi!" akafoka Mwenyekiti wetu, Mshauri wa Biashara Stenroos.

"Tumwiteje, Mshauri?"

"Mwite... yule."

"Yule si cheo, Mshauri. Kanuni ya nne."

Eenokki alikuwa amesimama mstarini tangu asubuhi, mkuki mkononi. "Jamani, si mnaniona? Nirushe au niende zangu? Magogo hayajisukumi!"

"Asiyeitwa hayupo," nikatangaza hewani, bila kumtazama.

Mwamuzi akatoa saa yake mfukoni. Dakika tano, la sivyo medali inakwenda Uswidi. Tukafungua mbio mbio sanduku la vyeo vya heshima, ambavyo Kamati ilipewa na serikali ivigawe. Vidogo vyote tulishagawana wenyewe kwa wenyewe. Hata mama wa kutupikia kahawa alikuwa Mkaguzi. Chini kabisa kilibaki kimoja, Mshauri wa Taifa, kikubwa kuliko vyote. Mwenyekiti alikuwa akijiwekea mwenyewe.

"Tumwazime," akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Dakika tano tu."

"Hakiazimwi, Mshauri. Ni cha maisha."

Akawatazama Waswidi. Walikuwa wameanza kupiga picha za ushindi. Akatia sahihi. Nilimwonea huruma sana, na nilifurahi pia.

"Mshauri wa Taifa Kurppa!" nikaita.

"Nani, mimi? Loo, makubwa haya!"

Akakimbia hatua chache, akaachia. Mkuki ulikwenda, ukaenda, ukachomeka kwenye tope kule mwisho wa uwanja. Watu wazima walilia, nami mmojawapo. Ikabaki kupima tu, na kanuni haina utata: mtupo wa Mshauri wa Taifa hupimwa na anayemfuata kwa cheo. Mwenyekiti akapiga magoti kwenye tope, na ile suruali yake nyeupe, ameshika mkanda wa kupimia.

"Mita sitini na tatu," akahema.

"Mshauri wa Biashara avute vizuri," akasema Eenokki. "Hapo katikati pamelegea. Arudie."

Akarudia. Alipoambiwa arudie mara ya tatu, akajaribu njia nyingine ya kujinasua. Kwetu watu wawili wanaweza kukubaliana kuacha vyeo wakaitana majina, ila lazima aliye juu ndiye aanze kusema.

"Mshauri wa Taifa haoni," akasema Mwenyekiti kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "kwamba sisi ni watu wa mji mmoja, na hivi vyeo vinachosha ulimi?"

Eenokki akajikuna kidevu.

"Mshauri wa Biashara kachoka kuniita?"

"Kidogo, Mshauri wa Taifa."

"Azoee. Ndiyo kwanza ameanza leo."