Likizo ya Kufumua

Jumatatu, 3 Juni
Itangazwe kwa walio hai na watakaozaliwa: leo nimeacha uvivu. Likizo hii ndefu sitailalia. Nitajifunza kushona! Mama alishika kifua, akauliza nani kaniroga. Dada hakushangaa. Alisema tu kwamba kwa Fundi amekuja binti wa kaka yake kusaidia kazi, na ana kicheko hicho! Sijui dada anapata wapi mambo haya.
(Kicheko ni kweli. Nilikisikia Jumamosi nikipita. Tangu hapo chakula hakishuki.)

Jumanne, 4 Juni
Msiba. Kwa Fundi, mwanafunzi hagusi cherehani mpaka afumue nguo kuukuu na mkono utulie. Nimepewa wembe na kigoda kinachotazama ukuta. Eti kuna mwanga. Binti yuko nyuma yangu. Mgongo wangu sasa ni msomi: unajua anapokata uzi kwa meno, anapokunywa maji, anapopiga miayo. Macho hayajui kitu.

Alhamisi, 6 Juni
Mbinu! Nyembe mpya ziko kwenye droo ya meza ya binti. Nikasema wangu butu. Akanipa bila kuinua uso, pini mdomoni. Nikarudi tena. Na tena. Fundi akauliza, mwanangu, unafumua nguo au unachinja ng'ombe? Jioni akaniwekea pakiti nzima mapajani. Fundi ni mama mkarimu. Nimeulaani ukarimu.

Jumatatu, 10 Juni
Kijana wa mwenye nyumba, tunayemwita Miwani, hajifunzi lolote likizo hii. Alileta suruali ipunguzwe, akakaa benchini kutafuna karanga mpaka adhuhuri. Akasimulia habari za paka wao. Kicheko KILE! Kwa ajili ya paka! Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimeinama hadi kiuno kinalia, cha uvunguni anakula Miwani.

Ijumaa, 14 Juni
Nguo za kufumua hutundikwa msumari wa kushoto. Zilizokwisha, wa kulia. Hata mtoto anajua. Leo Miwani kaja na habari za mbuzi, kicheko kikapanda, mkono wangu ukaenda wenyewe. Nimefumua gauni la buluu kwa ustadi ambao sijawahi kuwa nao. Mikono, kola, kiuno. Nikageuka nisifiwe.
Binti aliweka mkasi chini.
Lilitoka msumari wa kulia: gauni la kwanza binti alilolikata na kulishona mwenyewe, akamwonyeshe mama yake.
Akaja. Akasimama mbele yangu, ana kwa ana. Ana kidoti juu ya nyusi! Akauliza, hivi kaka, hayo macho ni ya kuonea au pambo la uso? Akaokota kola sakafuni. Nilitaka kusema samahani. Nikasema asante.

Jumamosi, 15 Juni
Nimeomba nilishone upya kwa mikono yangu. Fundi kasema nisisogelee hata uzi. Miwani ndiye anayemshikia binti kitambaa. Bado hajui mbele wala nyuma ya sindano.
Lakini jana binti alisema nami! Sentensi nzima!

Ijumaa, 28 Juni
Binti ameondoka. Gauni limekwisha, kalivaa. Miwani alibeba sanduku, mimi nikafungua mlango. Akasema asante kaka. Mlangoni makaka tulikuwa wawili.
Walipopotea kwenye kona nikakaa kitini kwake kidogo. Kuna vipande vya uzi wa buluu. Kutoka pale, kigoda changu kinaonekana vizuri sana. Kumbe mwezi mzima alikuwa anautazama mgongo wangu. Ningejua, ningevaa lile shati jipya.

Jumatatu, 1 Julai
Shule zimefunguliwa. Habari za uhakika kutoka kwa dada: likizo ijayo binti atakuwa kwa mjomba wake, fundi wa saa. Basi nimegundua wito wangu halisi. Saa! Na safari hii kigoda nitakichagua mwenyewe.
Asubuhi kifungo cha shati langu la shule kilikatika. Dada amekishona.