Meli ya Taifa Iko Mlangoni Kwangu

Nicanor Okeyo, Fundi wa Mbao,
Ploti ya Bwana Thuo, nyuma ya Olympic,
Kibera, Nairobi.
Oktoba 1997

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Bunge ya Ujenzi wa Meli na Kuitangaza Nchi Ng'ambo.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: KUSAHAULIWA KWA MELI AMBAYO TAYARI IPO

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na kiti chako kiko imara. Mimi sijambo, ila nimekasirika kwa heshima. Juzi nilikuwa kwa Ouma kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, redio ikatangaza habari za kamati yako. Ulimwuliza afisa wa serikali kama nchi hii ina fundi anayeweza kuunda meli. Afisa akajibu kwamba hakuna. Ouma aliacha kunyoa akanitazama. Benchi zima likanitazama. Niliondoka na nusu ya nywele zangu na mpaka leo sijarudi kwa aibu, kwa hivyo malalamiko yangu ni haya:

1. Afisa hakuuliza Kibera. Mimi ni mtoto wa Ziwa. Baba yangu aliunda mashua kule Uyoma, nami nilishika nyundo kabla ya kushika kalamu, kama mwandiko huu unavyothibitisha. Ni kweli hapa Nairobi natengeneza vitanda, na majeneza wateja wa vitanda wakipungua. Lakini mkono uliozoea mashua hauachi mazoea. Vitanda vyangu vyote vimechongoka kidogo upande wa mbele, na hakuna mteja wangu aliyewahi kuzama.

2. Nasikia kamati itasafiri nchi tano za ng'ambo kujifunza meli inavyoundwa. Mheshimiwa, meli iko hapa. Kutoka Bungeni mpaka kwangu mtu hutembea kwa miguu. Vibarua wa ujenzi hufanya hivyo kila siku na hawalipwi marupurupu. Mkiona njaa, jirani yangu Mama Nasipwondi anapika ugali na omena, dagaa wa kwetu ziwani, na ukimsifu anakuongezea mchuzi.

3. Kuhusu kuitangaza nchi, mjumbe mmoja alipendekeza tupeleke tena picha ya simba. Simba ametangazwa vya kutosha. Mimi simba sijamwona ila kwenye kalenda, na alikuwa amelala. Mgeni akitazama picha hiyo atadhani sote tumelala. Meli, hata ikiwa imesimama, inaonekana ina safari.

4. Sasa meli yenyewe. Nilianza kuiunda Januari, katikati ya safu mbili za nyumba za ploti yetu, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Kule ziwani fundi haulizi chombo kitatokea wapi: ufuo uko wazi, na siku ya kukishusha majirani wote huja kukivuta kwa wimbo, kisha watu wanakula. Nilifuata desturi hiyo hiyo. Watu wa kuvuta ninao, wimbo tunao, na Mama Nasipwondi ameahidi sufuria. Nilichosahau ni ufuo.

Basi meli imejaza ua mzima. Mbele iko mlangoni kwangu na nyuma iko mlangoni pa choo. Anayekwenda chooni hupanda ngazi, hupita kwenye ubao uliolazwa juu yake, na kushukia upande wa pili. Kwa hesabu hiyo imeshasafirisha watu wengi kuliko meli yoyote ya serikali, na abiria wake wote wana haraka ya kweli.

5. Mwenye ploti, Bwana Thuo, anakaa Kawangware lakini macho yake yako huku. Alikuja Jumamosi, akapanda ngazi na kofia yake, akashuka, akasema, "Fundi, mwezi ikiisha na hii kitu bado iko hapa, nakuja na msumeno." Nilimweleza kwamba ni mali ya taifa. Akasema basi taifa likuje lichukue. Nimekufikishia ujumbe wake.

6. Hili naliandika kwa uchungu. Mke wangu Adero ameondoka. Alivumilia kuingia nyumbani kwa ubavu tangu Pasaka, akavumilia na harufu ya lami. Lakini siku kabati alilopewa na dadake liliposhindwa kupita, alisimama pale mlangoni akaniambia, "Nicanor, mi nimechoka. Chagua: ni mimi ama ni hii meli." Nami, kwa ujinga wa mafundi, nikamjibu kwamba bado kupaka rangi. Sasa yuko Kawangware kwa dadake Valentine. Nyumba imekuwa kubwa ghafla na ukubwa wake siupendi. Nikiikata meli, nimekata kazi niliyofundishwa na marehemu baba. Nisipoikata, nitakula omena peke yangu mpaka kufa. Kamati yako tu ndiyo inayoweza kuniokoa, kwa kuichukua ikiwa nzima.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Nia ninayo, njia ndiyo iliyozibwa. Lakini reli inapita hapa hapa Kibera. Treni ikisimama kidogo tu, meli itapanda behewa na kufika Mombasa kabla wajumbe hawajafunga masanduku yao. Kati yangu na reli kuna choo, Ouma kinyozi, kanisa la Mchungaji Khamala na nyumba chache. Wenyewe sijawauliza, lakini naamini wanaipenda nchi yao. Ubomoaji ukishaanza, itakuwa kosa kutoupanua kidogo ili ploti itangazwe rasmi kuwa bandari. Bandari ikishakuwepo itahitaji bahari. Hilo naiachia kamati, maana siwezi kufanya kila kitu.

Mwenye shaka na kazi yangu ajue kwamba kila mshono nimeuziba kwa pamba na lami, kama baba alivyonionyesha. Meli hii haipitishi tone la maji. Naapa.

Nisalimie wajumbe wote, karani anayeandika maneno yao, na yule anayewaletea chai, kwani mkutano ukirefuka ni yeye tu anayefanya kazi.

Wako katika kulijenga taifa kwa mbao,
Nicanor Okeyo.

N.B. Barua hii imekaa mfukoni kwa sababu ya mvua hii wanayoiita El Nino. Njia ya posta ilikuwa mto. Mabati ya safu zote mbili yanamwaga maji ndani ya meli, na meli, kama nilivyoapa, haijapitisha tone. Imejaa pomoni. Kisha mafuriko yakavunja bomba kubwa, na sasa kutoka mtaa wa Ayany mpaka huku Olympic hakuna mfereji unaotoa hata jasho. Ouma amenimalizia nywele kwa ndoo moja. Bwana Thuo alikuja na msumeno kweli, akaondoka na mitungi miwili, na msumeno ameniachia.

Juzi Adero alitokea Kawangware na dadake na ndoo zote za nyumba ile. Hakunisalimia. Alichota, akaonja, akakunja uso, akasema ya kufulia yanafaa. Kisha akaona watu wanavyosukumana, akavua viatu, akaketi mbele ya meli na jagi mkononi, akaanza kuwapanga. Jioni nilimwuliza kwa woga kama atarudi kwa Valentine. Akaniangalia. "Na hii meli yangu nimwachie nani?"

Kwa hiyo, Mheshimiwa, afisa wako alisema kweli: nchi hii haina meli wala fundi wa meli, na tafadhali msije kuichukua. Mkija kwa ajili ya maji, karibuni, kila mjumbe na mtungi wake. Adero anasema hata Mwenyekiti atapanga laini.