Posa ya Afisa wa Forodha

Sangkala hakuwahi kuchomoa kitu mfukoni mwa mtu, na jambo hilo alikuwa akilitaja kwa fahari kila alipopata msikilizaji. Watu walimpa wenyewe. Kazi yake ilikuwa kukaa katika mgahawa wa kahawa wa Daeng Ngawing, pale Makassar, Indonesia, ambako kila mtu wa heshima huitwa Daeng, kwenye meza ya pembeni iliyo karibu na soketi ya umeme, na kusikiliza watu wanalalamikia nini. Kwa maoni yake mtu anayelalamika amekwisha kufungua mlango, na kilichobaki ni kubisha hodi kwa adabu.

Asubuhi moja wanawake wawili wa meza ya jirani walikuwa wakilalamikia kodi. Mmoja alikuwa ameagiza mkoba kutoka China kwa simu, kwa bei ya kutupa, na mkoba ulipofika akatakiwa kulipa ushuru wa forodha, na kodi nyingine juu ya ushuru, mpaka ukamgharimu sawa na wa dukani. Mwenzake aliagiza sufuria, akalipa kidogo tu. Kwa nini mkoba uonewe na sufuria ipendelewe, hakuna aliyejua.

"Unaambiwa lipa, unalipa," alisema yule wa mkoba. "Utabishana na serikali?"

Sangkala akakiweka kikombe chini taratibu. Maneno matamu kama hayo mtu hayasikii kila siku. Mji mzima unaagiza vitu ng'ambo, mji mzima unadaiwa ushuru, na katika mji mzima hakuna anayejua anadaiwa kwa hesabu gani. Mtu wa kazi yake angetaka nini tena?

Tumpe haki yake: alisoma. Matapeli wengi siku hizi ni wavivu, wanaaibisha taaluma. Yeye alijifungia na sheria za forodha mpaka akajua kwa nini mikoba, viatu na nguo hutozwa zaidi kuliko vyombo vya jikoni, na kifurushi cha thamani gani hupita bila ushuru. Kisha akajipa jina la Hardiman, akatafuta sauti nzito ya kiofisi inayokohoa kabla ya kutaja pesa, na akaanza kupiga simu. Namba alinunua kwa kijana mmoja wa duka la vocha. Bidhaa hakuitaja kamwe. Alisema tu kuna kifurushi kimezuiliwa, akamwachia mteja akitaje mwenyewe. Wateja walitaja, walilalamika, walituma. Kidogo kidogo kopo lake la biskuti likajaa.

Kopo hilo lilikuwa na kazi yake. Sangkala alikuwa anakaribia miaka arobaini na hakuwa na mke, kwa sababu inayojulikana na kila kapera wa Makassar: panai. Hiyo si mahari. Mahari ni jambo dogo, hata seti ya nguo za sala inatosha. Panai ni pesa ambayo mwanamume huupelekea ukoo wa mwanamke kabla ya harusi, na huzidi kupanda kadiri binti alivyosoma, mama yake alivyokwenda Makka na majirani walivyo na midomo. Mara mbili Sangkala alikwenda kuuliza mchumba, na mara mbili aliulizwa anafanya kazi gani, akanywa chai yake na kuondoka. Kwa hiyo aliweka akiba. Siku moja angeuliza tena, na safari hiyo asingeondoka.

Siku aliyompigia Hajjat Daeng Bollo alikuwa na moyo mweupe kabisa. Hajjat alikuwa mjane mwenye safu ya vyumba vya kupangisha wanafunzi karibu na chuo, na sauti yake kwenye simu ilikuwa tulivu.

"Kifurushi changu?" alisema. "Aa. Yale mapazia."

"Hayo hayo, Hajjat. Yamezuiliwa. Kuna ushuru." Hardiman akakohoa, akataja kiasi.

Hajjat akataja nusu yake. Hardiman akaeleza kwa upole kwamba ushuru wa serikali haupunguzwi kama samaki sokoni. Hajjat akasema yeye tangu azaliwe hajalipa bei ya kwanza ya kitu chochote, na kwamba angejisikia vibaya kuanza uzeeni. Akaongeza kidogo. Hardiman, bila kujijua, akashusha kidogo. Walikuwa wamebakiza hatua ndogo kukubaliana pale Hajjat alipobadilisha mazungumzo.

"Una sauti nzuri, mwanangu. Wewe ni mwajiriwa kabisa wa serikali, au kibarua?"

"Mwajiriwa, Hajjat."

"Wa forodha." Alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja mchuzi. "Na umeoa?"

Katika miaka yake yote ya kazi hakuna mteja aliyewahi kumuuliza swali hilo. Alipaswa kukata simu. Badala yake alisema ukweli, kwamba hajaoa, na Hajjat akamwambia mambo ya mapazia yasubiri. Kwanza aje Jumapili anywe chai, kwa sababu ana binti mmoja, Rostina, mwalimu wa hesabu.

Alikwenda. Alijiambia anakwenda kwa sababu ya vyumba: anayemwoa binti wa pekee wa mjane ameoa na vyumba, na ukiweka panai upande mmoja na kodi za pango upande wa pili, hiyo si harusi, ni uwekezaji. Alivaa shati lililopigwa pasi mara mbili. Rostina akaleta barongko, zile ndizi za kupondwa zilizopikwa ndani ya jani, akamwekea mbele na kumuuliza mkoba wa bei fulani ungetozwa kiasi gani. Hardiman akajibu papo hapo. Rostina akapiga hesabu kichwani, akaona imekaa sawa, akacheka. Alikuwa na kicheko cha mtu asiyejali nani anamsikia. Vyumba vikamtoka Sangkala kichwani, na ingawa baadaye alijaribu kuvirudisha, havikurudi.

Toka hapo kila Jumapili alikuwa barazani kwa Hajjat, na habari zikaenea mtaani kwamba kwa Hajjat kuna mtu wa forodha. Majirani wakaja na simu zao. Huyu kiatu chake kimetozwa mara mbili, yule ameambiwa alipie zawadi ya dada yake aliyeko Taiwan. Hardiman akaketi akawaeleza mmoja mmoja, kwa usahihi na bila kuchukua hata senti. Mama mmoja alirudishiwa pesa aliyotozwa zaidi, kwa sababu Hardiman alimwambia aandike nini na apeleke wapi, akamletea tenga la maembe. Sangkala alilibeba tenga lile hadi nyumbani akiwa na kizunguzungu. Hakuwahi kushukuriwa kwa jambo lolote, na aligundua kwamba anapenda sana.

Msomaji atasema: mpumbavu, alishaanza kuamini uongo wake. Ni kweli, na nani hajawahi?

Siku ya posa, ambayo Hajjat aliomba ifanyike bila majirani kujua, alikodi ukoo. Wazee wawili wa pale mgahawani wakawa baba wadogo, na mke wa Daeng Ngawing akawa shangazi, kwa masharti kwamba apewe kitambaa cha hariri na asilazimishwe kulia. Upande wa pili alikaa Daeng Tutu, kaka yake Hajjat, mwalimu mstaafu mwenye kofia nyeusi na masikio mazito. Panai iliyotajwa ilimfanya baba mdogo mmoja aombe maji.

"Kwa fundi majokofu ingekuwa nyingi," alisema Hajjat kwa unyenyekevu. "Lakini kwa mtu wa forodha tukitaja chini ya hapo tutakuwa tumemtukana."

Daeng Tutu akakumbusha desturi, kwa sauti ya darasani, ili wote wawe mashahidi: upande wa mwanamke ukivunja, panai inarudi mara mbili, mwanamume akivunja, panai inabaki ilipo na hakuna kuulizana. Sangkala akaitika haraka, kwa sababu kuvunja hakukuwa akilini mwake hata kidogo. Kopo likamiminwa lote kwenye kitambaa kilichotandazwa mbele ya Hajjat, na jioni alitembea kwa miguu hadi kwake, hana nauli, akiimba.

Juma lililofuata aliitwa. Hajjat, Rostina na Daeng Tutu walikuwa wameketi barazani, na mezani palikuwa na kadi za mwaliko, nzuri, zenye nakshi za dhahabu.

"Hizi ni za ofisini kwako," alisema Hajjat. "Mkuu wako atakaa mbele kabisa, na wenzako waje na sare, picha zitapendeza. Usisumbuke kuzipeleka. Tuna binamu yetu pale pale forodhani, bandarini. Kesho asubuhi anazigawa mwenyewe, meza kwa meza."

Sangkala alisema mkuu wake yuko safarini. Hajjat akasema watamsubiri. Alisema yeye ni mtu asiyependa makuu. Hajjat akasema ni sifa njema, na kadi zitagawiwa kimya kimya. Mwishowe akaomba azungumze na Rostina faraghani, wakasogea penye kamba ya kuanikia nguo.

"Rostina," alisema, na kwa mara ya kwanza mbele yake ile sauti nzito ilimkatalia, ikatoka yake mwenyewe, nyembamba kidogo. "Mimi siyo Hardiman. Mimi siko forodhani."

"Najua, Daeng."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipopiga simu. Mama hajaagiza mapazia. Hajaagiza kitu chochote maisha yake yote, anaogopa kubonyeza." Hakuwa anacheka, na hilo ndilo lilimchoma. "Kila shule na kila zahanati wamebandika tangazo kwamba mtu wa forodha hapigi simu kuomba pesa. Mama alikuwa anasubiri apige mmoja mwenye sauti ya heshima."

Kisha akamweleza mengine, bila kuzunguka. Kulikuwa na Basri, fundi majokofu, waliyependana naye tangu chuo. Kulikuwa na Hajjat, ambaye zamani, kwa majivuno, aliutangazia mtaa mzima panai atakayotaka kwa binti yake, na sasa hakuweza kuishusha bila kuchekwa hadi kaburini. Basri alikuwa amepunguza hata chakula na hajafika robo.

"Na mimi?" aliuliza Sangkala. "Zile Jumapili zote?"

Rostina alinyoosha shuka ambayo haikuwa na mkunjo. "Ulinichekesha kweli. Hilo sikudanganya. Lakini moyo wangu ulishakuwa na mwenyewe, Daeng."

Wakarudi barazani. Hajjat akammiminia chai, akamsogezea sukari.

"Nasikia kuna tatizo, mwanangu."

"Harusi haitawezekana," alisema Sangkala.

"Sisi tuko tayari. Kadi hizi hapa." Hajjat alimtazama kwa huruma iliyokuwa ya kweli kabisa. "Ni wewe unayevunja?"

Angeweza kukataa. Angeweza kusubiri kesho binamu wa bandarini agawe kadi meza kwa meza, na maofisa wa kweli waanze kuuliza huyu Hardiman ni nani na amekusanya ushuru wa nani.

"Ni mimi," alisema.

"Sema kwa sauti, kaka yangu hasikii vizuri."

Sangkala akasema kwa sauti. Daeng Tutu akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema vijana wa siku hizi hawana msimamo.

Harusi ya Rostina na Basri ilifanyika baada ya mfungo. Mwaliko alileta Rostina mwenyewe, hadi mgahawani, akauweka juu ya meza yake na kusema kwamba mtu aliyeigharamia harusi hawezi kukosa sahani. Sangkala aliapa hatakwenda, na siku ilipofika akapiga shati pasi mara mbili. Alimwona Basri, kijana mwembamba mwenye vidole vyenye makovu ya kazi, akimtazama Rostina kama haamini kuwa ameruhusiwa. Alitaka kumchukia na akashindwa, jambo lililomkera zaidi.

Daeng Tutu akashika kipaza sauti, akataja panai aliyoleta bwana harusi, tarakimu kwa tarakimu. Umati ukavuma kwa mshangao. Sangkala alihakiki kila tarakimu kichwani na kukuta haijapungua hata moja.

"Fundi majokofu huyo," alisema mama aliyeketi karibu naye, yule wa tenga la maembe. "Nani angedhani?"

"Kijana mchapakazi," alisema Sangkala, akaongeza mchuzi wa mbavu kwenye sahani yake.

Mama akamsogelea, akamwonyesha kwenye simu viatu alivyoagiza, akauliza watamtoza kiasi gani. Sangkala akamweleza vizuri, mpaka na kiasi anachopaswa kukataa kulipa wakijaribu kumzidishia. Mama akamshukuru, akamtazama kuanzia kola hadi viatu.

"Na wewe, Bwana Hardiman? Afisa mzima, mtu mwungwana namna hii, mpaka leo huna mke?"

Sangkala alitazama jukwaani, kule Rostina alikokuwa akicheka kile kicheko chake na mumewe, kwa pesa iliyolipwa yote.

"Ni panai, dada," alisema. "Imekuwa ghali mno."