Umeme wa Kweli Una Sauti

Jumatatu, 3 Machi

Kinyozi ameng'oa waya wangu leo! Ameukunja vizuri, akauleta mpaka mlangoni, akasema asante kwa yote, yeye amehamia kwenye jua. Amehamia! Kama vile jua ni chumba cha kupanga.

Miaka yote hii mtaa wetu umeishi kwa umeme wa Simba. Simba ni jenereta yangu. Akiunguruma, maduka yote yanajua kuna mwanamume kazini. Sasa fundi cherehani kaondoka, muuza soda kaondoka, kinyozi naye huyo. Nyuma ya yote yupo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayefunga paneli za jua kwenye mabati ya watu. Anasema bei ya paneli inashuka kila mwaka na ya dizeli inapanda, na muda si mrefu hakuna jenereta itakayoweza kushindana. Nimemwambia hata nyanya hushuka bei. Kisha huoza.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Bado ninayo mashine ya kusaga, mteja mkubwa kuliko wote. Mwenye mashine, mama mmoja asiye na masihara, tayari amefungiwa paneli za majaribio. Amesema Jumamosi tushindane, Simba na paneli, na atakayesaga vizuri ndiye atakayebaki. Mke wangu kasema nikishindwa nitakwenda kumshikia mdogo wake ngazi, maana watoto hawali kelele. Mimi! Nimshikie ngazi kijana niliyemfunga tai kwa mikono yangu siku ya harusi yangu! Haitatokea.

Jumanne, 4 Machi

Mkakati wa kwanza: elimu kwa umma. Nimesimama kwenye foleni ya mashine nikawaeleza akina mama, kwa upole, kwamba unga uliosagwa kwa jua hauna nguvu. Hauvimbi sufuriani. Unaleta usingizi mchana. Walinisikiliza vizuri sana. Kisha bibi mmoja akauliza haya mahindi yao yalikaushwa na nini, dizeli? Foleni nzima ikacheka. Nikakumbuka nina shughuli nyumbani.

Elimu huchukua muda. Wasipoelewa leo, wataelewa kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Paneli bila jua ni kioo tu cha mezani. Kwa hiyo nisipigane na paneli. Nipigane na jua!

Nimeunganisha mbao, nikapata bango pana kama mlango wa gereji. Nimeandika kwa rangi nyekundu: UMEME WA KWELI UNA SAUTI. Ni tangazo halali la biashara, kwenye kiwanja changu, kando ya ukuta unaopakana na mashine. Kivuli chake kikiangukia paneli za jirani, hayo ni mambo ya Mungu.

Nimelisimamisha asubuhi, jua likiwa bado changa. Kivuli kikatua juu ya paneli za mashine kama shuka kitandani. Barabara! Nikapigilia misumari, nikamwaga na zege. Halitoki ng'o. Mke wangu amelitazama, akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwacha. Wivu ni ugonjwa.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna jambo kuhusu jua ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Linatembea.

Mchana kivuli kilitoka kwenye mashine kikajikunja miguuni pa bango. Alasiri kikavuka kuja upande wetu, kikapanda bati la jikoni, kikatulia. Haukupita muda mke wangu akatoka mbio akiuliza nani amezima friji yake.

Nani azime friji, na Simba nimempumzisha tangu jana kwa ajili ya mashindano? Hapo ndipo nilipoambiwa. Kuna paneli juu ya jikoni, upande wa nyuma, ambako mimi sipandi kwa sababu ya kizunguzungu. Ipo tangu mwaka jana! Betri yake imechoka, kwa hiyo kivuli kidogo tu, friji inanyamaza. Mke wangu anagandisha barafu anauza. Barafu ile ile ambayo nimekuwa nikiwawekea wageni kwenye glasi, nikiwaambia hayo ni matunda ya Simba! Kweli nilikuwa naona friji inavuma hata Simba akilala. Nilidhani umeme hubaki kwenye waya, kama maji yanavyobaki kwenye mpira.

Barafu yote imeyeyuka. Mke wangu kasema mkuki kwa nguruwe. Shemeji akaja na msumeno, akalikata bango, anatabasamu tu. Afadhali angenitukana.

Lakini vita ni kesho. Simba yuko tayari.

Jumamosi, 8 Machi

Mtaa mzima ulikuja. Nilivaa shati jeupe. Shemeji akaanza: akabonyeza swichi, mashine ikasaga, hivyo hivyo tu, bila hata salamu. Zamu yangu. Nikageuza ufunguo. Simba akasema tk. Nikageuza tena. Tk.

Betri ya kumwashia imekufa. Na betri mtaani kwetu siku hizi huchajiwa mahali pamoja tu. Sitaki kuliandika hili, lakini shajara ni shajara: nilimwomba shemeji. Simba, mfalme, alinyonyeshwa na paneli mbele za watu!

Alipoamka alitikisa mabati. Na wakati huo huo wingu likafunika jua! Niliruka kwa furaha. Nikadai shemeji arudie, sasa hivi, chini ya wingu, watu waone. Akarudia. Mashine ikapunguza mwendo kidogo, ikaendelea kusaga kwa akiba ya betri zake. Unga wake mweupe. Wangu ulikuwa wa kijivu, moshi wa Simba ulikuwa umeingia dirishani.

Mama wa mashine alinishukuru kwa miaka yote, akasema tuachane kwa wema. Ilibidi arudie mara mbili. Nilikuwa sijamzima Simba, sikusikia. Mke wangu akasema kimya kingi kina mshindo.

Niliumia kweli. Nimemfunika Simba turubai, nikakaa karibu naye.

Jumatano, 12 Machi

Nashika ngazi. Shemeji ananiheshimu, ananiita mkuu wa usalama. Kazi haiishi: jana duka la dawa, leo karakana ya seremala, na wanaosubiri wamejaa mpaka mwezi ujao. Anasema miaka michache ijayo kila bati litakuwa na paneli, na bei itakuwa bado inashuka. Nilitikisa kichwa kukubali. Moyoni nilikuwa nacheka.

Maana nimeona asichokiona. Kila nyumba tunayofunga paneli ina jenereta inayotafuta pa kwenda. Watu wanazitoa bure, wengine wananisaidia hata kubeba! Hesabu ni nyepesi: mtaa mzima ukihamia kwenye jua, wauza jua watakanyagana wenyewe kwa wenyewe. Upande wa jenereta nitabaki peke yangu. Asiye na mshindani atashindwa na nani?

Mke wangu ameuliza jioni hii kwa nini kitanda chetu kimeinuka namna hii. Nimemwambia ni kwa afya ya mgongo. Kesho naleta nyingine mbili.