Mitindo Kumi na Miwili

Jumatatu, 3 Machi
Leo akili imefunguka! Akiba yangu na mke wangu, ya kununua chumba chetu wenyewe cha kinyozi, imo kwenye pochi ya sarafu za kidijitali ndani ya simu. Simu ikipotea, kinachoirudisha akiba hiyo ni maneno kumi na mawili tu, kwa mpangilio wake; yeyote ayajuaye anaweza kuichukua yote. Karatasi hupotea. Basi nimeyaandika ukutani kazini, kama majina ya mitindo ya nywele. Nani atashtuka?

Jumanne, 4 Machi
Mteja ametaka "Twiga". Nimenyoa nisichokijua. Ameridhika. Aliyetaka "Kijiko" ameondoka amenuna.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mwizi wa kila ninachobuni, ameinakili orodha yote. Mpangilio ule ule! Kaibandika dirishani kwa rangi nyekundu. Nimemwomba aiondoe. Kasema nina wivu. Mke hajui.

Alhamisi, 6 Machi
Mke kajua. Kanipeleka moja kwa moja kwa mama yake, mchonga mihuri. Nilijiandaa kusemwa. Mama mkwe kafuta miwani, kauliza kama akiba ingalipo. Ipo. Basi tufungue pochi mpya, akasema, yenye maneno mapya. Ya zamani yameshakuwa ya mtaa mzima. Kanipa kibati cha chuma kisichoshika kutu, nyundo na vyuma vya kugongea herufi. Kisha akageukia ukuta.

"Gonga mwenyewe, mwanangu. Mimi sitaki kuyajua."

Nimegonga kidole mara mbili. Hakugeuka. Nilipomaliza, kanifanya niifute pochi mpya kwenye simu, ikiwa bado tupu, niirudishe kwa kusoma kibati. Imerudi! Ndipo tukahamisha akiba yote. Mama huyu! Hana papara, hana masimango. Nimeona haya, na nimempenda kuliko siku ya harusi.

Jumamosi, 8 Machi
Leo kibati kinakwenda kwenye kasha la chuma la mama mkwe, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Nimekitazama kwa mara ya mwisho. Herufi zimezama, zimenyooka, utadhani nimezaliwa fundi. Mwalimu kama yule kutosifiwa hadharani ni dhuluma. Nimekipiga picha ya karibu, nimeituma kwenye kundi la ukweni, watu tisini, na shukrani ndefu.

Mama mkwe anapiga simu, mara ya nne sasa. Mnyenyekevu mno, atataka kukataa sifa. Sipokei.