Mlango Nilioutia Mwishoni mwa Korido

Jumatano, 3 Juni

Nimedharauliwa. Ndani ya nyumba yangu, juu ya meza yangu mwenyewe!

Mjukuu wangu amesema mchezo wao unahamia kwa Mama Cherehani, fundi wa nguo wa nyumba ya pili. Ati meza yake ya kukatia vitambaa ni pana, ramani inatandazwa yote bila kukunjwa. Yangu ina mguu mfupi, dadu zinabiringika hadi chini ya kabati. Nikamwambia mguu huo ni mfupi tangu mama yake anajifunza kutambaa na hakuna aliyekufa.

Mchezo wenyewe ni watu wazima kukaa wakidanganyana. Mjukuu anasimulia nchi isiyokuwapo, wengine wanajifanya mashujaa wa huko, wanarusha dadu kujua nani kapona. Mwalimu wa hesabu ni mchawi. Kinyozi ni mwizi. Mama Cherehani ni malkia. Malkia! Na utepe wa kupimia shingoni!

Mimi kazi yangu chai, na kuwakemea wapunguze kelele. Lakini wakiondoka nyumba hii inakuwa... Basi. Tuseme haipendezi. Jumamosi ni siku yao. Jumamosi yangu haiendi kwa fundi nikiwa hai.

Ijumaa, 5 Juni

Nimepata njia!

Mjukuu huandika vitabu vya nyongeza vya mchezo huo: kundi jipya, mahali papya, safari mpya ya mashujaa. Nimemwambia nina nyongeza yangu. Alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akasema haya bibi, ila ujue sheria: mtu akishatamka jambo lake mezani, limekuwa. Haliondoki mpaka mwenyewe alikane mbele ya wote. Nikasema mimi sijawahi kukana kitu, hata kwa marehemu babu yake.

Mahali: nimechora nyumba hii hii. Mambo ya makasri siyajui, na sichori nisichokijua. Sebule, jikoni, stoo, korido. Mjukuu akasema kila mahali pawe na siri. Nikatia mlango mwishoni mwa korido, penye ukuta mtupu.

Kundi: nimewaita Wasioketi. Wamesimama nyuma ya mlango huo miaka na miaka. Wanapiga hodi, hakuna aliyewahi kuwaambia karibu. Hawana mapanga, hawali watu. Wanataka kuambiwa waketi, basi.

Safari: mashujaa waamue kama watawaitikia. Na lazima ichezewe ndani ya nyumba yenyewe. Akili hiyo! Meza ya fundi na upana wake ibaki na mikasi.

Mjukuu aliposoma alijikunyata. Akauliza nimeyatoa wapi haya. Kichwani, nikamwambia, kwani yako unayanunua sokoni?

Jumamosi, 6 Juni

Ushindi mtupu. Walikuja wote. Nilisimama nikatamka nyongeza yangu mezani, mwanzo hadi mwisho. Kinyozi, ambaye hanyamazi hata wembe ukiwa shingoni mwa mtu, alisikiliza mdomo wazi. Mama Cherehani akasema kwa sauti ya puani kwamba kwake yeye hakuna mgeni wa kusimamishwa, viti vipo tele. Nikamwambia anywe chai, inapoa.

Mashujaa walifika mlangoni wakaogopa kuitikia hodi. Wameahirisha. Watarudi Jumamosi ijayo. Hapa! Kwangu!

Wakati wa kuvaa viatu Mwalimu aliuliza nani yuko kule nyuma. Hakuna mtu, nikasema. Akasema amesikia mtu akihamisha uzito, mguu huu kwenda mguu ule, kama aliyechoka kusimama. Wasomi nao! Masikio kama ya panya.

Jumapili, 7 Juni

Asubuhi nimekuta viti vyote vya mezani koridoni. Vimepangwa safu, vinatazama ukuta.

Nimemgombeza mjukuu. Ameapa si yeye. Nikavirudisha mwenyewe, mgongo huu huu. Pale ukutani, usawa wa kitasa, rangi imechubuka mviringo, kama mahali panaposhikwa na mikono kila siku. Fundi rangi yule alinipunja, siku zote nilisema. Nimepasugua kwa sabuni.

Pana joto. Joto la kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

Jumanne, 9 Juni

Nilikuwa nakata vitunguu. Macho yamejaa machozi, mikono inanuka. Hodi! Nikaitikia karibu, pita tu ndani. Mimi nimelelewa. Hodi ya mtu haiachwi ikining'inia.

Mlango wa mbele haukufunguka. Ndipo nikakumbuka sauti ilikotokea.

Sikugeuka. Nyayo zilipita nyuma yangu, nyingi, polepole, za watu wasiotaka kusumbua mwenye nyumba. Mmoja akakohoa kwa adabu. Nilikata vitunguu vyote, hata vya kesho.

Nilipokwenda sebuleni hapakuwa na mtu. Lakini sakafu niliyoipiga deki asubuhi ilikuwa na alama za nyayo za chokaa, jozi mbele ya kila kiti. Wamesimama hapo. Wanangoja waambiwe.

Na hawakujifuta miguu! Hawa wamelelewa na nani?

Jumatano, 10 Juni

Mjukuu amelia. Alikuwa anachana nywele, akaona kwenye kioo sebule nzima imejaa migongo. Akageuka, sebule tupu. Akatazama kioo tena, migongo imekuwa vifua.

Amenishika mikono. Bibi nakuomba, ukane tu. Jumamosi simama useme ule ni ukuta, yaishe. Nikamuuliza, nikikana, mchezo utabaki hapa? Akatazama chini. Kumbe! Akasema wenzake wameshaogopa, watahamia kwa fundi vyovyote. Na yeye anafikiria kulala huko siku chache.

Kulala huko! Kwenye sakafu ya sindano! Mtoto niliyemfunza kufunga kamba za viatu!

Nimemwambia nitafikiri. Nimefikiri. Kukana ni kumpa fundi meza, Jumamosi na mjukuu kwa mkupuo. Sikani ng'o. Lakini nani kasema mlango lazima ukae pale pale?

Jumamosi, 13 Juni

Mwalimu alikaa na koti mwilini. Kinyozi alikikalia kiti chake nusu, mikono imekishika pande zote, ati kisije kuondoka. Chai ilipoa kabla sijamaliza kuimimina. Mama Cherehani peke yake alikuwa anatabasamu, akiuliza kama wageni wangu wamepata mahali pa kuketi.

Nikasimama. Nikatamka: mlango umehama. Sasa uko kwa Mama Cherehani, nyuma ya kioo kirefu cha kupimia nguo. Wasioketi wanakwenda huko, kwa kuwa malkia mwenyewe amejigamba kwamba kwake viti vipo tele.

Sikukana hata neno moja!

Nyumba ikavuta pumzi. Pazia likalala ndani, likarudi. Nyayo zikaanza, zikazunguka meza, zikapita katikati yetu. Kila zilipopita mtu alikunja magoti kuzipisha. Mlango wa mbele ukafunguka wenyewe, ukakaa wazi muda mrefu, ukafungwa taratibu, bila kishindo. Adabu wanayo, siwezi kusema uongo.

Mama Cherehani aliruka kama aliyekalia pini yake mwenyewe. Wewe bibi wewe, una roho gani? Nikamjibu akimbie nyumbani, ana wageni. Akakimbia na kikombe changu mkononi.

Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Mwalimu alikuwa anakusanya dadu. Kinyozi anakunja ramani. Wakasema mlango uko kule, basi safari iko kule, na hawawezi kumwacha mama wa watu peke yake nao. Mjukuu akatia nguo zake kwenye mfuko. Akanibusu kwenye paji la uso. Akasema mimi ndiye msimulizi, bibi, lazima niwepo.

Hilo sikuliwaza.

Jumapili, 14 Juni

Siku nzima dirishani. Jumapili nayo wanacheza! Nimemwona Kinyozi akipeleka viti kwa fundi, vya kwake vya saluni. Nimesikia wanacheka. Halafu kimya, cha ghafla, cha wote pamoja. Halafu sauti ya mjukuu ikisema kitu polepole, na viti vingi vikiburutwa mara moja. Vingi kuliko watu walioingia.

Kwangu ukuta ni ukuta. Nimeugusa, ni wa baridi. Nimeugonga. Hakuna kitu. Mwishowe nikapiga hodi mimi. Mtu mzima, ndani ya nyumba yangu, naupigia ukuta hodi! Hakuna aliyeitikia. Nimeelewa kidogo jinsi wanavyojisikia. Kidogo tu.

Alasiri nikaketi mezani na chai yangu. Nikaona kiti cha mjukuu kimesogea.

Mmoja hakuondoka.

Amesimama nyuma ya kiti, mrefu, mweupe kwa chokaa, mikono kifuani, kichwa chini kama mwanafunzi aliyechelewa. Uso sikuuona. Sidhani kama anao. Nimemtazama mpaka nikachoka. Keti, nikamwambia, unanikera. Akaketi. Kiti hakikulia. Na meza, meza yangu hii ya mguu mfupi, ikatulia sawasawa kama maji kwenye bakuli. Haijawahi!

Nimemmiminia chai. Hanywi, ila inapungua. Nimemwambia ajifute miguu na anyooshe mgongo. Amenyoosha. Ni msikivu kuliko mjukuu. Kisha akaweka kidole juu ya ramani yangu, pale mwishoni mwa korido, akaacha doa.

Hapo pameshatumika, nikamwambia. Mlango ulikuwa mdogo, ndiyo maana ulihamishika. Kosa lilikuwa kipimo, halikuwa wazo. Nimetandaza karatasi mpya. Jumamosi wanarudi wote, na mjukuu wangu na mfuko wake, na fundi aje kusimama mlangoni anitazame. Safari hii nachora kitu asichoweza mtu kukibeba. Nimechora ngazi, kubwa, inapanda kutoka sebuleni. Nimetamka mezani, na shahidi ninaye.

Nyumba hii haina ghorofa. Lakini kuna wanaoburuta viti huko juu, na wamepiga hodi. Nimewaambia karibuni, shukeni, ila miguu wajifute kwanza.